Kiko Kisipande Kitandani

Kijitabu hiki ni cha nyumba zenye mvutaji wa kiko, kuanzia Magarama na Nyamugari mjini Gitega hadi vilima vya Muyinga. Mzee asiyejua kusoma asomewe na mjukuu, kwa sauti.

Jambo la kwanza

Usivute kiko ukiwa umelala.

Kila kiangazi tunapokea majeruhi wa namna ileile. Mtu ameshiba, amejinyoosha na kiko chake, usingizi umempitia, kaa limeangukia mkeka. Kiko kinadanganya: juu unaona majivu tu, chini yake kuna kaa zima. Mkeka ulioungua kidogo jioni unaweza kulipuka usiku wa manane, watoto wakiwa usingizini. Godoro la sponji linawaka upesi, na moshi wake unaweza kuua kabla moto haujamfikia mtu. Chandarua kikishika moto kinayeyukia mwilini.

Baridi ya Gitega tunaijua, na mvua tunaijua. Hata hivyo keti, uvutie kibarazani, umalize, ukung'ute, ndipo uingie kulala. Usivute kiko ukiwa umelala.

Majivu

Yakung'utwe kwenye kopo la bati lenye maji au mchanga, kamwe si sakafuni wala karibu na mabua ya maharage.

Kaa la kuwashia

Usimtume mtoto kaa la moto.

Esansi ndani ya nyumba

Tangu mafuta yaanze kuadimika nchini, watu wanaficha bidoni za esansi chumbani, hata chini ya kitanda. Hili linatutia hofu sana. Mvuke wa esansi hauonekani, unatambaa chini na kufuata moto hadi chumba cha pili, hata kama hakuna tone lililomwagika. Kufunika bidoni kwa kitenge hakuzuii kitu. Itoeni ndani. Aliyemwagikiwa esansi abadili nguo na kunawa kabla hajagusa kiko wala kibiriti. Na yule anayelala juu ya bidoni huku akivuta kiko anaweza kuteketeza nyumba nzima.

Tumbaku

Majani yake na uchafu wa ndani ya kiko ni sumu kwa mtoto. Akimeza, mkimbizeni kituo cha afya, msingoje atapike.

Kwa wenye nyumba

Msimnyang'anye mzee kiko chake, atavuta kwa kujificha, tena chini ya blanketi. Mwekeeni kiti nje na kopo la majivu. Kabla ya kuzima taa, mmoja wenu ahakikishe kiko hakiko kitandani. Kila usiku.

Mtu akiungua

Nguo zikiwaka asikimbie: alale chini, abingirike. Kisha mwagia jeraha maji safi ya kawaida kwa dakika 20, bila barafu. Vua pete na bangili mapema, kabla hajavimba. Usipake dawa ya meno, mawese, siagi, yai, udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Tunapata kazi kubwa kuviosha, naye analia upya. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, uondoke naye.

Tangu mwaka 2006, mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure katika vituo vya serikali. Kwa hiyo usimkalishe nyumbani ukitafuta pesa kwanza. Mlete saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.