Hewa Itokayo Ukeni: Ipi ni ya Kawaida, Ipi ni Dalili ya Fistula

Miongoni mwa mambo ambayo wanawake huyanong'ona tu, au hawayasemi kabisa hata mbele ya mkunga, ni hewa kutoka ukeni kwa sauti mithili ya ushuzi. Aghalabu hali hii si ugonjwa. Ni hewa ya nje iliyoingia ukeni wakati wa tendo la ndoa au mazoezi, kisha ikasukumwa nje mwili ulipobadili mkao. Haina harufu, wala mwanamke hana uwezo wa kuizuia. Mume anayeifanya kuwa ushahidi wa uzinzi humwonea mkewe.

Huweza kuongezeka baada ya kujifungua, kwa kuwa misuli inayoshikilia uke, kibofu na njia ya haja kubwa hunyooshwa mno. Misuli hiyo huimarishwa kwa mazoezi: mwanamke huibana kana kwamba anazuia mkojo, huhesabu hadi 5, huilegeza kwa muda uleule, na hurudia mara 10, mara 3 kwa siku. Manufaa huonekana baada ya wiki kadhaa, si siku mbili. Shabu, majani, sabuni na dawa za kuua vijidudu havina kazi ukeni. Huudhuru utando laini na kuua bakteria wanaoulinda, na ndipo kuwashwa na uchafu wenye harufu hufuata. Maji safi, kwa nje tu, yanatosha.

Jambo huwa jingine kabisa iwapo hewa hiyo ina harufu ya haja kubwa, au kinyesi au mkojo unapita ukeni bila hiari. Hapo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mara nyingi chanzo chake ni uchungu pingamizi: kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za mama kwenye mfupa wa nyonga kwa muda mrefu, damu haifiki, nyama hufa, na siku chache baadaye tundu hujitokeza. Kuchanika vibaya wakati wa kujifungua nako huweza kuileta. Si kurogwa, wala si laana ya ukoo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika maradhi haya, mficha uchi hukaa na tundu linalotibika. Akiwahi siku za mwanzo, tundu dogo la kibofu huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Yaliyosalia hushonwa kwa upasuaji, hata yakiwa ya miaka mingi. CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza ni miongoni mwa hospitali zenye wataalamu wa kazi hiyo.

Safari huanzia zahanati ya kijiji au kituo cha afya cha kata, ambako mgonjwa huandikiwa rufaa. Maelezo marefu hayahitajiki. "Choo kinapita ukeni tangu nilipojifungua" yatosha kwa mhudumu kuelewa. Aulize pia iwapo matibabu na nauli vina ufadhili, maana wengi hukwama nyumbani kwa kudhani gharama yote ni yao. Baada ya upasuaji, wanandoa hujizuia na tendo la ndoa kwa miezi isiyopungua 3, na mimba itakayofuata huhudhuriwa kliniki mapema ili upasuaji wa kujifungua upangwe kabla ya uchungu kuanza.