SOMO LA KOMPYUTA: KUFUNGUA FOLDA ZA CHAMA UKIWA MBALI



Msimu uliopita mwanachama mwenzetu mmoja alipotewa na hesabu ya siku nzima. Aliyeipoteza hakuwa mwizi wala hasidi, bali ni mwanawe mwenyewe, kijana mwenye adabu anayefanya kazi Kapalamsenga, kule Mkoa wa Katavi kunakochimbwa shaba. Kijana huyu ndiye anayemtunzia mzee wake daftari la wachumaji, kwa kuwa macho ya mzee yamepungua nguvu. Asubuhi aliliteremsha daftari kutoka seva ya chama, akaliweka katika kompyuta yake ya mezani. Mchana mtandao ukakatika, naye akaendelea kusahihisha majina na madeni ya zamani. Wakati huo huo, huku kwetu Pemba, karani alikuwa akiandika pishi za siku ile katika daftari lile lile. Magharibi mtandao uliporudi, kijana alilirudisha lake mahala pake, na la karani likafutika lote. Kulipokucha wachumaji wakaja kudai ujira wao, na katika kompyuta hapakuwa na pishi hata moja ya jana.

Pishi zenyewe hazikupotea kabisa, maana karani huziandika kwanza kwa kalamu, papo hapo penye jamvi la kuchambulia. Lakini watu walikaa barazani hadi adhuhuri tukinakili upya, na mama mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni akingojea fedha ya kumpeleka hospitali. Nasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu kuliko la kijana. Mimi ndiye niliyempa ruhusa ya kuandika, wala sikumweleza kinachotokea watu wawili wanaposhika daftari moja. Ndiyo maana Kamati imenitaka niandike somo hili.

Seva ni kompyuta kama nyingine, ila yake haizimwi, na kazi yake ni kuwatunzia wengine. Folda ni kama mtoto wa kabati; ndani yake mna faili, yaani daftari, barua na stakabadhi. Folda ikisemwa kuwa ni ya pamoja, maana yake watu zaidi ya mmoja wamepewa ruhusa ya kuifungua kutoka katika kompyuta zao. Ruhusa zenyewe ni mbili, na mara nyingi watu huzichanganya: iko ya kusoma tu, na iko ya kusoma na kuandika. Mwenye ya kusoma hawezi kuharibu kitu hata akitaka.

Ndani ya ofisi yetu njia ni nyepesi. Kompyuta za ofisini huzungumza na seva kwa utaratibu unaoitwa SMB. Seva yetu huutumia kwa programu ya bure iitwayo Samba, iliyoanzwa na Andrew Tridgell wa Australia miaka ya 1991 na 1992. Wengine hudhani jina hilo latokana na ngoma ya Brazil, kumbe alitafuta tu katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano. Katika Windows, karani huandika alama mbili za mkwaju uliolalia nyuma, kisha jina la seva, mkwaju mmoja, na jina la folda. Akitaka, huipa folda hiyo herufi, kama Z, ikaonekana kana kwamba ni diski iliyomo ndani ya kompyuta yake. Uzuri mkubwa wa njia hii ni kuwa daftari la hesabu likiwa wazi kwa mtu mmoja, wa pili akilifungua huambiwa kuwa linatumika, na hupewa la kusoma tu.

Mtauliza, basi kwa nini aliyeko Kapalamsenga asitumie njia hiyo hiyo? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni umbali. Kutoka kwetu hadi kule ni kiasi cha kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na safari ya mwisho ni ya mnara wa simu. SMB huuliza maswali mengi madogo madogo kabla ya kuleta faili moja, kama mjumbe anayerudi dirishani kwa kila neno. Ofisini safari hizo hazionekani. Kutoka mbali hukaa ukitazama kioo mpaka chai ipoe.

Sababu ya pili ni khatari. SMB hutumia mlango namba 445, na mlango huo haufai kuachwa wazi kwa ulimwengu. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa kupitia tundu lililokuwamo katika SMB ya zamani. Ilifunga faili za watu na kuwadai fedha, na huko Uingereza hospitali nyingi zilivurugika. Microsoft walikuwa wamekwisha kutoa dawa ya tundu lile tangu mwezi wa Machi, ila wengi hawakuitia. Kwa hivyo mlango 445 wetu wafunguka kwa ndani tu, na anayeniomba niufungue kwa nje asinione mkaidi.

Walio mbali twawapitisha njia iitwayo SFTP, ambayo hupita ndani ya SSH. SSH ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, baada ya watu kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo. (Kwetu Tatu ni jina la mwanamke, huyo ni mwanamume.) Kila kinachopita humo hufumbwa, hata mwenye mnara asiweze kukisoma.

Katika kompyuta yako weka programu ya WinSCP, ambayo hailipiwi. Ukiifungua itakuuliza utaratibu: chagua SFTP. Kisha andika anwani ya seva, mlango namba 22, jina lako na neno lako la siri. Mara ya kwanza itakuonyesha msururu wa herufi na tarakimu, ambao ni alama ya seva. Usikubali upesi. Linganisha na ule ulioandikwa katika kadi uliyopewa ofisini. Na ikiwa siku nyingine programu itakuambia kuwa alama imebadilika, acha hapo hapo upige simu; ama sisi tumebadilisha seva, ama kuna mtu amejiweka katikati. Ukikubaliwa, utaona pande mbili: kushoto kompyuta yako, kulia seva. Kuteremsha ni kuvuta faili kutoka kulia kwenda kushoto, na kurudisha ni kinyume chake.

Sasa sikilizeni khasa hapa, maana ndipo kijana wetu alipojikwaa. SFTP haiwekei faili kufuli. Ukiteremsha daftari, unachokishika ni nakala, na la asili limebaki kwenye seva, ambapo mwengine aweza kuliandika wakati huo huo. Ukirudisha nakala yako, WinSCP hukuonya kuwa faili ya jina hilo ipo, na hukuonyesha ukubwa na saa ya kila moja. Kijana alibonyeza kukubali bila ya kusoma, kama tufanyavyo wengi wetu. Lau angesoma, angeona kuwa ile ya kwenye seva imeandikwa saa kumi alasiri, nayo yeye aliiteremsha asubuhi. Saa ya seva ikiwa imepita saa uliyoteremsha, jua kuwa kuna mkono mwengine umepita, usirudishe. Tena tazama saa ya kompyuta yako. Kompyuta kuukuu iliyokufa betri ya ndani husema mwaka usiokuwa, na hapo ulinganifu wote huharibika.

Tangu mwezi huu tumepanga hivi. Daftari kuu la kila shamba ataandika karani peke yake. Wengine wote wamepewa kusoma. Aliye mbali atakuwa na folda yake, ataandika marekebisho katika faili mpya yenye tarehe katika jina lake, na karani atayaingiza baada ya kuyahakiki. Ni kazi ya mikono miwili, na wengine wamelalamika kuwa twarudi nyuma. Mimi naona ni nafuu kuliko kuwakalisha wachumaji barazani. Kila usiku seva hujinakili katika diski nyingine, nayo diski hiyo hutolewa ofisini kila Ijumaa, isije moto au mwizi akavichukua vyote pamoja.

Neno la siri ni la mtu mmoja. Msipeane hata ndani ya nyumba. Mke, mume au mtoto anayetaka kuingia ataandikishwa kwa jina lake, bila ya malipo. Wala usiliache limehifadhiwa katika kompyuta ya dukani.

Mwanachama mwenye jamaa aliye bara au ng'ambo aje ofisini Jumatatu au Jumatano, baada ya sala ya Adhuhuri, achukue na kadi yake ya uanachama. Ataeleza jamaa huyo aruhusiwe kusoma shamba lipi, na atatia sahihi. Mashamba ya urithi ambayo bado hayajagawanywa, warithi wote hawana budi kuafiki kwanza.