Zawadi ya Shemeji Ina Taya

SWALI: Naandika kutoka Columbus, Ohio. Mdogo wake mume wangu alipita kwenye gulio, akamnunulia mwanangu wa miaka 9 kobe wa maji. Ni mweusi, ana mkia mrefu kama wa mamba, na ukubwa wake hauzidi sarafu. Muuzaji alisema ni kobe mng'ataji. Tumemweka kwenye beseni jikoni. Kijana amempenda mno, lakini tunaishi fleti ya kupanga na nina mtoto mwingine anayetambaa. Nimlishe nini? Mume wangu anasema akitushinda tutamwachia ziwani, maana ndiko kwao. – Mama Zuhura

JIBU: Mama Zuhura, umeuliza chakula, nami nitakijibu, maana hilo ndilo jepesi. Zito ni kujua nani atakuwa na kobe huyu siku atakapotimiza kilo 10, na hilo liamuliwe sasa angali anaenea kiganjani. Kobe mng'ataji hutoka kwenye yai akiwa na gamba la sentimita 3 hivi. Akikomaa, gamba hufika sentimita 25 hadi 35, na wapo waliopimwa wakazidi kilo 30. Katika hifadhi ya Algonquin huko Ontario, Kanada, ambako watafiti wamewafuatilia tangu 1972, majike huanza kutaga wakiwa na miaka 15 hadi 20, na wengine wanakadiriwa kuweza kupita 100. Kijana wako atamaliza shule, ataajiriwa, ataoa, na kobe bado atakuwa anasubiri kubadilishiwa maji.

Utaambiwa kwamba akizoeshwa tangu udogoni atakuwa mpole. Mtazame tumboni uone kwa nini sikubaliani: gamba la chini ni dogo, lina umbo la msalaba, na limeacha nyama ya miguu na shingo wazi. Kobe wengine wakitishwa hujifungia ndani. Huyu hana pa kujifungia. Akiwa majini hukimbia, akiwa nchi kavu hung'ata, na shingo yake ndefu huweza kugeuka ikafika mbali nyuma ya mgongo wake. Ni kweli kwamba wanaofugwa humzoea anayewalisha, wakamkimbilia wakimwona. Kwangu hapo ndipo hofu inapoanza, kwa sababu kobe aliyezoea kwamba mkono huleta samaki hatatofautisha samaki na kidole cha mtoto. Wala asiinuliwe kwa mkia, kama wengi wanavyofanya kukwepa meno ambayo kwa kweli hana (silaha yake ni mdomo mgumu wenye makali): uzito wake huvuta pingili za uti wa mgongo na kumuumiza vibaya.

Beseni litoke jikoni leo. Kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela huku yeye mwenyewe ni mzima kabisa, kwa hiyo kuonekana safi si ushahidi. Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, wazee, na wenye kinga dhaifu. Ndiyo maana tangu 1975 serikali ya Marekani imepiga marufuku kuuza kobe wa kufugwa mwenye gamba lisilofika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi: wadogo kama huyo wako ndio watoto huwashika na hata kuwatia mdomoni. Lawama hapo ni ya muuzaji, si ya shemeji yako. Wewe hakikisha maji yake hayamwagwi kwenye sinki la vyombo, kila aliyemgusa ananawa kwa sabuni, na huyo anayetambaa hafiki chumba alichomo kobe.

Kwa muda atakaokuwa kwako, mpe tangi la kioo lenye maji ya kina kifupi, kiasi kwamba akisimama chini na kunyoosha shingo, pua itoke nje. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini, na joto liwe nyuzi 24 hadi 27 za selsiasi. Weka jiwe la kupandia, kichujio chenye nguvu, na taa ya UVB, ambayo humsaidia mwili kutumia madini ya chokaa. Akiyakosa, gamba hulainika. Mlishe vidonge vya kobe wa maji, minyoo ya ardhini, vipande vidogo vya samaki na majani ya majini. Nyama tupu ya jikoni haimtoshi. Lakini usidhani tangi hilo litadumu. Mkubwa anahitaji mamia ya lita, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja: lita 500 ni nusu tani juu ya sakafu ya mwenye nyumba.

Sasa la mume wako, ambalo lina uzito kuliko yote, maana Ohio kweli ni kwao kobe hawa. Tatizo ni kwamba hamjui huyu alitoka bwawa gani, wala alichanganywa na kobe gani kwenye ndoo za muuzaji, na magonjwa huingia ziwani kwa njia hiyo hiyo. Pia aliyelelewa kwenye maji ya vuguvugu, akitupwa nje vuli, hukutwa na baridi kabla mwili haujajiandaa kulala chini ya barafu. Japani waliingizwa kama wanyama wa kufugwa, wakaachiwa, wakazaana hadi kuwa kero katika mkoa wa Chiba, na mwaka 2005 sheria ikawapiga marufuku. Ohio si Japani, nakubali, ila mazoea ya kumfanya mnyama tatizo la ziwa ni yale yale.

Piga simu idara ya wanyamapori ya Ohio: uliza sheria inaruhusu nini, na nani mwenye kibali anaweza kumpokea. Wanaofuga reptilia kwa ujuzi nao waulize, mapema, maana mdogo hupata wa kumchukua na wa kilo 10 hukataliwa kila mlango. Kijana atalia, lakini aende nanyi siku ya kumkabidhi kobe, amuulize mpokeaji maswali yake yote, na mwezi Juni mkamtafutie majike wanaopanda kutoka mabwawani kwenda kutaga, mkiwatazama kwa mbali. Kuhusu shemeji, usimpigie wewe. Ni mdogo wa mume wako, na kaka mtu akimweleza habari za salmonela na mtoto anayetambaa, hatakuwa na la kununia.