SOMO: KUCHAGUA ORDINATERE YA KUBEBA



Wale wenye kumaliza sekondari wanauliza: tukienda ku iniversite, tununue ordinatere gani ya kuandikia masomo? Ulizo hili si dogo. Kwa feza ile mzazi anauza mbuzi ao mavuno. Basi tujifunze pamoja.

1. BATRI. Bunia kwetu umeme unakatika, kwa hiyo batri ni jambo la kwanza. Kwa kuandika tu, mashini ndogo inakula karibu wati 10. Batri ya wati-saa 40 itafika saa 4. Lakini mashini za okazio, batri yao mara nyingi imechoka. Ikibaki nusu, ni saa 2 tu. Basi tuchomoe waya mbele ya muuzaji, tuandike nusu saa. Ikishuka toka 100 mpaka 70, itazimika mbele ya saa 2 kutimia. Muuzaji akikataa kuchomoa, tuende kwa mwingine.

2. DISKI. Tutafute ile inayoitwa SSD. Haina kitu chenye kuzunguka ndani. Diski ya zamani iko na sahani yenye kuzunguka, na mtikiso wa pikipiki unaweza kuiharibu. Memori iwe GB 4 kwa uchache. 8 ni bora.

3. KLAVIE. Mashini zenye kutoka Uganda ziko na klavie ya Kiingereza, QWERTY. Sisi tunaandika Kifaransa: é na ç haziandikwe pale. Inawezekana kuigeuza kuwa AZERTY ndani ya mashini, lakini herufi za juu hazibadiliki. Vidole vitapashwa kukumbuka.

4. PROGRAMU. Windows 10 haina tena msaada wa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Zinaweza kupokea Linux. Hiyo ni ya bure, na LibreOffice ya kuandikia vile vile.

5. UZITO. Kilo 1 na nusu inatosha kwa mwenye kutembea kwa miguu.

Asiye na feza asihuzunike: kaye na biki haziombi umeme. Na mwenye mashini aweke kopi ya masomo yake ku kile USB kila juma, sababu mashini inaweza kuibiwa.

MAULIZO
a) Batri ya wati-saa 30, mashini yenye kula wati 12: itafika saa ngapi?
b) Kwa nini bei ndogo peke yake haitoshi kutuamulia?