Joto, Jasho na Jembe: Kwa Nini Kazi ya Mikono Hupungua Jua Linapowaka

Katika miezi ya Januari na Februari, pepo za kaskazi zinapovuma, mkulima wa Chole wilayani Kisarawe huwa anatayarisha shamba ili mvua za masika zimkute tayari. Kwa hiyo kazi ya kulima, ambayo ni nzito kupita nyingi, huangukia majira yenye joto kali. Mpita njia akimwona mkulima huyo ameketi chini ya mkorosho saa sita mchana, huenda akamwita mvivu. Makala haya yanaonyesha, kwa kutumia hesabu na sayansi ya shule za sekondari, kwamba hukumu hiyo si ya haki: pumziko lile ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mwili huzalisha joto

Misuli haiwezi kugeuza nishati yote ya chakula kuwa kazi. Katika kila sehemu 100 za nishati inayotumika, sehemu zisizozidi 25 hivi ndizo zinazokuwa kazi. Zilizosalia huwa joto. Tuchukue mfano wa mkulima mwenye uzito wa kilo 70, na tukadirie kwamba anapolima kwa jembe mwili wake huzalisha joto la wati 350. Kwa saa moja joto hilo ni:

350 × 3,600 = jouli 1,260,000, yaani kilojouli 1,260.

Kilo moja ya mwili huhitaji kilojouli 3.5 hivi ili halijoto yake ipande kwa nyuzi 1. Mwili mzima huhitaji 70 × 3.5 = kilojouli 245. Basi kama joto lote lingebaki mwilini, halijoto ingepanda kwa 1,260 ÷ 245, yaani zaidi ya nyuzi 5. Mtu aliyeanza kazi akiwa na nyuzi 37 za Sentigredi angefikisha 42 kwa muda wa saa moja tu. Mwili unapopita nyuzi 40, fahamu huweza kuvurugika na maisha huwa hatarini.

Jasho na unyevu wa hewa

Mwili hupoteza joto kwa mnururisho na kwa hewa inayopita juu ya ngozi. Lakini hewa inapokaribia halijoto ya ngozi, ambayo ni nyuzi 35 hivi, njia hizo hufifia, na tegemeo kubwa huwa jasho. Gramu 1 ya jasho ikigeuka kuwa mvuke huchukua kilojouli 2.4 za joto. Mkulima wetu angehitaji gramu 1,260 ÷ 2.4 = 525 kwa saa, yaani nusu lita na ziada kidogo.

Hata hivyo, kuna sharti moja: jasho lazima ligeuke mvuke. Jasho linalodondoka chini halimpozi mtu, bali humpotezea maji na chumvi. Katika hewa kavu ya Dodoma jasho hukauka upesi. Katika mkoa wa Pwani, ambako hewa imebeba unyevu wa Bahari ya Hindi, jasho hukawia kukauka. Mchoma mkaa hupata taabu zaidi, kwa kuwa tanuri nalo humwongezea joto.

Kwa nini kasi hupungua

Damu ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kupeleka oksijeni kwenye misuli na kupeleka joto kwenye ngozi. Joto likizidi, ngozi hudai damu zaidi, na jasho hupunguza maji ya damu hiyo hiyo. Moyo hulazimika kupiga mbio, na mtu hupunguza kasi hata bila kukusudia. Hiyo ni kinga. Aliye hatarini zaidi ni yule asiyeweza kupunguza kasi, kama vile kibarua anayelipwa kwa kipande.

Mwaka 1957 Yaglou na Minard, walipochunguza madhara ya joto katika mafunzo ya kijeshi nchini Marekani, walieleza kipimo ambacho hutumika hadi leo. Kwa kazi ya juani, sehemu 7 kati ya 10 za kipimo hicho hutoka kwenye kipimajoto kilichovikwa kitambaa kibichi, sehemu 2 kwenye kipimajoto kilichomo ndani ya tufe jeusi, na sehemu 1 kwenye kipimajoto cha kawaida kilicho kivulini. Unyevu, basi, una uzito kuliko yote.

Pumziko huzaa tija

Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba, hewa ikifika nyuzi 33 au 34, mfanyakazi wa kazi ya wastani aweza kupoteza nusu ya uwezo wake wa kazi. Nchini El Salvador, katika msimu wa 2014 na 2015, wakata miwa walipewa maji, kivuli, mapumziko ya mara kwa mara na mapanga yaliyoboreshwa. Mavuno ya mtu mmoja kwa siku yaliongezeka kutoka tani 5.1 hadi 7.3. Muda wa kazi uliotolewa kwa ajili ya mapumziko haukupunguza mavuno.

Kwa mkulima wa Chole mafunzo ni haya: kazi nzito ifanywe tangu alfajiri hadi saa nne; maji yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu; miti ya kivuli isikatwe yote shambani; na mgeni wa kazi aongezewe mzigo polepole kwa wiki moja au mbili, hadi mwili wake uzoee joto.

Jaribio na maswali

1. Chukua vipimajoto viwili. Funga kitambaa cha pamba kilicholowa maji kwenye tunguu la kimoja, kisha vipepee vyote viwili kivulini. Andika vipimo vya saa moja asubuhi, saa sita na saa tisa mchana. Tofauti kati ya vipimajoto hivyo huwa kubwa wakati gani, na kwa nini?

2. Mwanafunzi wa kilo 60 anazalisha joto la wati 300. Kama joto hilo lisingetoka, halijoto yake ingepanda kwa nyuzi ngapi kwa saa? Anahitaji gramu ngapi za jasho?

3. Kwa nini kufuta jasho kila mara kwa kitambaa kikavu hupunguza faida yake?