Zabibu za Agosti: tazama mbegu kabla ya kuvuna

Mkulima wa Dodoma anayetaka kuonja mvinyo wa shamba lake mwenyewe ajiandae sasa. Zabibu za Agosti na Septemba huivia kiangazini, kwa hiyo huwa na sukari nyingi na huoza kidogo kuliko za Februari na Machi.

Mvinyo mzuri huanzia shambani. Wengi huwahi kuvuna kwa kuogopa ndege, kisha hufidia kwa sukari ya dukani. Mvinyo huo hulewesha, lakini ladha hauna. Subiri sukari ya tunda ifike Briksi 22 hadi 24. Huna kipimo? Pasua tunda utazame mbegu: ya kijani bado, ya kahawia inayovunjika kwa jino iko tayari. Salfa ya ubwiri unga iache wiki kadhaa kabla ya kuvuna, maana masalia yake huupa mchuzi wa zabibu harufu ya yai viza.

Anza na kilo 20 za zabibu nyekundu, utapata kama lita 12. Vuna alfajiri, toa vikonyo na zilizooza, ponda kwa mikono safi. Usisage mbegu, zina uchungu. Tumia ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 30, isiyowahi kubeba dawa za shamba. Chuma na alumini huliwa na tindikali ya zabibu. Tia gramu 5 za hamira ya mvinyo. Hamira ya maandazi huchachusha pia, ila huchoka mapema na kuacha harufu ya mkate, nami siipendekezi. Funika kwa kitambaa safi na uzamishe maganda yanayoelea mara tatu kwa siku, yasije yakaota ukungu.

Baada ya siku 5 hadi 7, kamua. Hapa ndipo mvinyo mwingi wa nyumbani unapogeuka siki, kwa sababu bakteria wa siki hutaka hewa, na inzi wadogo wa matunda huwaleta. Tafuta dumu linalolingana na mvinyo ulio nao, lijae hadi shingoni. Toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba, ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji: gesi itatoka, hewa haitaingia. Dumu lililokazwa kabisa hupasuka. Baada ya wiki 3 hamisha mvinyo kwa mpira, mashapo yabaki chini.

Wenye mizinga ya nyuki Singida na Tabora, mkitaka mvinyo wa asali, changanyeni kilo 1 ya asali na lita 3 za maji. Asali ina chakula kidogo cha hamira, hivyo huweza kuchacha kwa miezi. Nusu lita ya mchuzi wa zabibu, mahali pa nusu lita ya maji, huisaidia sana.

Usijaze chupa hadi mapovu yakome wiki 2 mfululizo na ulimi usionje utamu. Sukari iliyobaki huendelea kuchacha na kuvunja chupa. Na ukitaka kuuza, pata kwanza leseni ya vileo na alama ya TBS.