Silabi na Mkazo katika Istilahi za Sayansi: Mifano kutoka Voi na Taita Taveta

Makala haya yanachunguza swali linalowakabili walimu wa sayansi na wa Kiswahili kwa pamoja: istilahi iliyotoka ugenini itamkwe vipi? Taita Taveta inafaa kwa uchunguzi huu, kwani ardhi yake ina madini ya aina nyingi. Hata jina la tsavoraiti, kito cha kijani kilichotangazwa rasmi mwaka 1974, limetokana na Tsavo.

Kanuni ya kwanza ni kuwa katika Kiswahili kila irabu ni kiini cha silabi. Kwa hivyo, Voi ina silabi mbili, Vo-i, ilhali neno la Kitaliano voi, yaani ‘ninyi’, lina silabi moja tu. Kanuni ya pili ni kuwa mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: VO-i, Mwa-TA-te, Ta-I-ta. Kiambishi -ni kikiongezwa, mkazo husogea: m-GO-di, m-go-DI-ni.

Kwa mujibu wa kanuni hizi, tunapata gra-fa-I-ti na tsa-vo-ra-I-ti. Baadhi ya wazungumzaji, kwa kuathiriwa na Kiingereza, huziunganisha a na i kuwa silabi moja, au huutanguliza mkazo mwanzoni mwa neno. Hata hivyo, anayetamka Taita, maiti na kaida sawasawa tayari anacho kigezo.

Kitaliano hakina mahali pamoja pa mkazo. Husemwa gra-FI-te, lakini os-SI-ge-no, ambapo mkazo uko katika silabi ya tatu kutoka mwisho. Kiswahili husema ok-si-JE-ni. Silabi ok- ni funge, kama lab- katika labda. Ukopaji umeongeza muundo huo bila kuutikisa mkazo.

Vighairi vipo, mathalani LA-zi-ma. Aidha, ba-ra-BA-ra ni njia, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa.

Suala hili si dogo. Mwanafunzi akiamini kuwa matamshi ya Kiingereza pekee ndiyo ya kitaalamu, atadhani Kiswahili huiazima sayansi bila kuimiliki. Istilahi huwa yetu inapotii sarufi yetu.

Zoezi: Gawa silabi na uonyeshe mkazo katika maneno haya: jiolojia, haidrojeni, madini, madinini. Eleza sababu za jibu lako.